Barua ya wazi kwa kamati ya makaazi yetu: kabla ya kupima viwanja vipya

Assalaam alaykum warahmatullah.

Ndugu Mwenyekiti, Katibu, Mshika Fedha na wajumbe wote wa kamati,

Jumamosi iliyopita nilikuwa natoka kisimani, nikawakuta vijana wanne na kamba na vigingi upande wa mwembe mkubwa. Nikawauliza wanapima nini. Wakasema viwanja kumi vya wanachama wapya. Mmoja wao, kijana mwenye adabu zake, akaongeza: "Bi mkubwa, kwani hamukuambiwa? Watu wameshatoa arubuni." Nikatua ndoo, nikakaa juu ya mzizi.

Hatukuambiwa. Lakini si hilo lililonikalisha chini. Familia 11 tuliopo hatujajua mtu akitaka kuondoka hapa anaondokaje na anaondoka na nini, na nyinyi munataka kutuongezea kumi. Ombi langu ni moja, na nalitanguliza ili hata asiyefika chini ya barua alijue: musimpokee mwanachama mpya hata mmoja mpaka iandikwe, na sote tuikubali, vipi mtu anatoka katika makaazi haya, kwa hiari yake, kwa talaka au kwa kifo, na wapi aliyeonewa anaweza kusema akasikilizwa.

Haya nimeyasema kwa mdomo. Nimeyasema jikoni, nimeyasema kisimani, na mara tatu nimeyasema mkutanoni, yakawekwa kwenye "mengineyo", na mengineyo yetu munayajua: adhana ya Magharibi inaingia hayajafikiwa. Sasa nayaandika hadharani, bila ya kumtaja mtu wala mahala petu kwa jina, kwa sababu wako watu Chake Chake, Wete na hapa Unguja wanaotaka kuanzisha makaazi kama yetu, na wananipigia simu kuuliza tulifanyaje. Sitaki kuwadanganya watu wenye nia njema.

Nia yetu na sisi ilikuwa njema. Mwaka 2015 tulikuwa wapangaji, wa Jang'ombe, wa Kwahani, wa Magomeni, kodi inapanda na mvua ya masika ikiingia inatukuta mpaka kitandani. Walimu watatu, mkunga, mafundi, dereva wa gari ya abiria, mshona nguo. Tukachanga, tukanunua eka tano huku kusini, ardhi ya maweni ambayo wenyewe walisema haifai ila kwa mbuzi. Tukakubaliana kila familia iwe na nyumba yake, lakini kisima kimoja, tangi moja, jiko moja la Ijumaa na la futari, mfuko mmoja, na watoto wawe wetu sote. Wanaume walivunja jabali kwa mitaimbo kutafuta maji, sisi wanawake tukibeba kokoto kwa makarai. Siku maji yalipotoka mume wangu alinawa uso akalia mbele ya watu, na hakuwa mtu wa kulia.

Alipofariki, mwaka 2019, sikuwasha moto siku saba. Nyumba zote kumi zilinipikia. Wajukuu zangu waliogeshwa, walipelekwa chuoni kusoma Kurani, walirudi wameshiba, mimi sijui nani kafanya nini. Kwa hiyo asije mtu akasema kwamba naandika kwa chuki. Nimeonja utamu wa pahala hapa pengine kuliko wengi, na kwa utamu huo ndiyo nasema.

Nianze na hilo hilo la kifo, kwa kuwa ni langu.

Marehemu aliniacha mimi na watoto sita, wanne wangu na wawili wa mke wake wa mwanzo. Wazazi wake walikwishatangulia. Kwa mirathi yetu, mke wa marehemu mwenye watoto anapata thumni, sehemu moja katika nane, na kinachobaki ni cha watoto, wa kiume sehemu mbili kwa moja ya wa kike. Hapo sina neno, ni hukumu ya Mwenyezi Mungu. Neno langu ni hili: kinachogaiwa ni kipi? Kuta ni zetu, tulizijenga. Kisima ni cha wote. Ardhi ya Zanzibar yote ni mali ya umma, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 imeliweka wazi hilo. Anachokuwa nacho mtu ni haki ya kuitumia, na karatasi ya haki hiyo, kwa shamba letu zima, ina majina ya watu watatu, wote wa kamati. Mkubwa wa watoto wa marehemu alikuja 2021, kwa adabu kabisa, akakaa barazani kwangu akauliza: "Mama, sisi hapa tuna nini?" Nikamleta kwako Mwenyekiti. Ukamjibu tutaliangalia. Aliondoka akidhani mimi na wewe tumepanga kumficha. Hajarudi, na simu yangu hapokei. Nilimlea kijana yule tangu ana miaka tisa. Ukurasa mmoja wa maandishi, ulioandikwa tukiwa bado tunavunja mawe, ungeliniachia mwanangu.

Na mimi mwenyewe kila usiku nalala chini ya bati nisilojua ni la nani.

Sasa niseme la jirani yangu, ambaye ameniruhusu kulisema ila jina. Aliachwa. Kuachwa ni jambo la watu wawili na Mungu wao, sisi hatuingii. Akakaa eda yake ndani ya nyumba ile kama inavyotakiwa, na eda ilipokwisha akaenda kwa kamati kuuliza, yeye na watoto watatu, wako wapi sasa. Akajibiwa kwamba aliyeandikishwa uanachama ni mume, na yeye alikuwa hapa kwa ajili ya mume. Miaka minane! Mwanamke aliyebeba kokoto za kisima ana mimba ya miezi sita! Aliondoka alfajiri kwa keri ya kukodi, gari ndogo ya mizigo, na godoro, cherehani, matenga mawili ya kuku. Aliona haya kututazama. Sisi tulisimama milangoni, na mimi nilikuwa mmoja wao, nikashindwa hata kumshika mkono kwa sababu sikujua nimwambie nini.

Hata mahkama zetu zimeshalitazama jambo hili. Sheria ya Mahkama ya Kadhi ya 2017 inazungumzia mchango wa kila mmoja katika mali ambayo mume na mke wamechuma pamoja. Katiba yetu sisi, kurasa nne zilizopigwa chapa mjini, ina kifungu cha rangi ya bati, tena kirefu. Neno "mke" halimo hata mara moja.

Aliponiaga usiku wa kuamkia safari aliniachia daftari. La kurasa 96, jalada la buluu, limeliwa na panya pembeni. Tangu 2016 alikuwa akiandika zamu zake, si kwa kumhesabia mtu, ila kwa kuwa alisoma mpaka darasa la kumi na alipenda kuandika. "Jumatatu, kupika, watu 43." "Jumatano, kufagia uwanja wa jiko na kuteka maji ya pipa kubwa, umeme umekwisha." "Alkhamisi, kuangalia watoto 9, asubuhi mpaka Adhuhuri, mama zao wamekwenda mwani." Yako na mengine: "Leo nimepika na homa." Nimelipitia usiku mbili kwa kalamu, nikahesabu siku 611. Siku 611 za kazi ya sote, na daftari la Mshika Fedha, ambalo nalo nimeonyeshwa na nashukuru, halina hata siku moja yake, kwa sababu daftari lile linaandika saruji, nondo na shilingi 30,000 za kila mwezi. Aliyetoa saruji ameandikwa. Aliyempikia aliyeibeba saruji hakuandikwa.

Baba yangu alikuwa mtu wa Kojani, kisiwa kidogo cha Pemba. Watu wa Kojani wanajulikana kwa kwenda dago, wanatoka na vyombo vyao wanahamia ufukwe wa mbali, wiki nyingi, wanavua, wanapika, wanalala pamoja, watu wa ukoo huu na ukoo ule. Nikiwa mdogo nilimuuliza hawagombani? Akacheka, akasema wanagombana sana, lakini hakuna anayepanda chomboni hajui mgao. Kabla ya kuondoka inajulikana gharama zinatolewa wapi, fungu la chombo lipi, la nyavu lipi, la nahodha, la baharia. Na yeye akanambia, kwenye dago lao mpishi alikuwa na fungu sawa na aliyevuta juya, kwa kuwa bila ya wali nyavu hazivutwi. Na siku ya kurudi inajulikana. Mtu akiugua akataka kurudishwa, fungu lake la mpaka siku ile linahesabiwa. Hawa ni wavuvi, wengi wao wakati ule hawajui kuandika majina yao. Sisi tuna walimu watatu.

Nimefundisha historia miaka 29, kwa hiyo munisamehe nikitoka nje ya visiwa kidogo. Kuna makaazi Marekani, jimbo la Virginia, yanaitwa Twin Oaks. Yalianza 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, na mpaka leo yapo, watu karibu mia. Wao wameamua kuhesabu kazi kwa saa. Kila mtu mzima ana saa zake za wiki, kiasi cha arubaini, na saa ya kupika, ya kufua au ya kukaa na mtoto ni sawa na saa ya kiwandani au shambani. Mengi ya maisha yao si yetu na sitaki yawe yetu. Lakini hili la saa nimelifikiri sana. Wamekaa zaidi ya nusu karne, vizazi vinaingia na kutoka, na naamini sababu moja ni kwamba hakuna anayeweza kumtazama mwenziwe akasema "wewe hapa umefanya nini?" Kwetu swali hilo aliulizwa mwanamke wa siku 611.

Tuje kwenye sufuria, maana najua kuna wajumbe wanaoona mambo ya sufuria ni ya wanawake.

Sufuria letu la shughuli, lile la kilo ishirini, liliazimwa na mmoja wetu kwa harusi ya mpwa wake. Likarudi limetoboka karibu na sikio, limezibwa na kitu kama gundi. Hakuna aliyesema neno. Ijumaa ya pili yake mwenye zamu akatoka jikoni amevaa khanga imeandikwa "Hasidi hana sababu". Aliyeazima akaiona. Ijumaa ya tatu naye akaja na yake, "Mdhaniaye ndiye siye". Tuliobaki tukawa tunasoma migongo ya watu kama gazeti. Miezi saba, ndugu zangu. Miezi saba wanawake wawili ambao nyumba zao zimetazamana hawakusalimiana, watoto wao wakakatazwa kucheza pamoja, waume zao wakaanza kuswali safu mbali mbali. Likatokea la mtoto wa nyumba moja kuchapwa na mama wa nyumba ya pili, kwa kosa ambalo zamani angelichapwa na mama yeyote na akirudi nyumbani akaongezwa. Safari hii ikaitwa uadui, akaitwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo letu. Sheha akaja na pikipiki yake, akasikiliza saa mbili, akauliza: "Lakini jambo hili limeanzia wapi?" Watu wazima kumi na tano tukanyamaza. Nani atamwambia sheha kwamba limeanzia kwenye sufuria?

Familia moja kati ya hizo mbili imeshanong'ona kwamba wakipata pa kwenda watakwenda. Lakini waende na nini?

Kisima ni hivyo hivyo. Tunanunua umeme wa tukuza, ule wa kulipia kabla, kwa mchango, pampu inavuta, tangi linajaa, kila nyumba ina madumu yake na saa yake. Usiku mtu anaamka saa nane, anafungua koki, anajaza mapipa yake matatu, uniti zinaisha. Alfajiri mama mwenye pacha anakuta bomba linatoa upepo. Sote tunamjua anayefanya. Tunamjua kwa sauti ya ndala zake. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia usoni, na mimi simo nje ya hao, kwa sababu hakuna pahala pa kumwambia. Nikimgongea mlango ni ugomvi wangu na yeye. Nikisema mkutanoni nitakuwa nimemfedhehesha. Nikinyamaza, donge linabaki kooni, na ndiko lilikobaki.

Mama yangu alikuwa wa Makunduchi. Munaijua Mwaka Kogwa, kila Julai, siku ya kuingia mwaka wa Kishirazi. Wageni wanakuja kupiga picha wanaume wanapochapana kwa migomba na kibanda kinapochomwa moto, wanawake wamepamba wanapita wakiimba. Mimi mama alinipeleka nikiwa na miaka sita, nikaogopa, nikamuuliza kwa nini mjomba anapigwa. Akanambia: "Hapigwi. Wanatoana ya mwaka mzima." Upande huu na upande ule, kila mwenye kinyongo chake anakitolea pale, mbele ya wazee, kwa gogo la mgomba ambalo halivunji mfupa, na nyimbo za wanawake zinasema yale ambayo mwaka mzima hayakusemwa. Kisha wanakula pamoja, na asiye na mgeni wa kula naye siku ile anajiona mwenye mkosi. Wazee wale walijua kwamba watu wanaochota kisima kimoja watawekeana vinyongo, hawakujidanganya kama tulivyojidanganya sisi kwamba nia njema inatosha. Wakatenga siku.

Sisemi tuchapane migomba. Nasema tuwe na siku. Kila mwezi, baada ya Alasiri, barazani kwa kisima, isiwe mkutano wa kamati na isiwe na ajenda ya saruji. Akae mzee wa nje ya makaazi, mwanamme na mwanamke, tuliowachagua sote, ambao hawana ndugu hapa. Mwenye neno aseme mbele ya anayemsema, aliyesemwa ajibu, na likitoka pale lisirudiwe jikoni. Vigumu mwanzoni, najua. Sisi tumelelewa kwamba kumwambia mtu kosa lake ni kumvunjia heshima, na mafumbo ndiyo heshima. Mafumbo ni mazuri kwa jirani unayemwona Idi na Idi. Kwa mtu mnayekutana naye kwenye ndoo moja mara nne kwa siku, fumbo linageuka sumu.

Nimekulia Michenzani. Baba alipopata kazi bandarini tulihamia kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa miaka ya sabini kwa ramani za Wajerumani wa Mashariki, ambayo mpaka leo watu wanayaita treni. Pale hakuna aliyechagua jirani yake. Watu wametolewa kwenye vibanda vyao vya udongo Ng'ambo, wengine wameletwa na kazi, wanapandishwa ngazi na kupewa mlango. Hakuna uwanja wa nyuma, hakuna pa kutwangia, maji mara nyingi hayapandi juu. Watu wakitwanga ndani, wa chini unga wa dari unawamwagikia kwenye uji. Kwa haki pale palifaa kuchinjana watu. Lakini ngazi yetu ilikuwa na bibi mmoja wa ghorofa ya pili, hakuchaguliwa na mtu, na kila mwenye neno alikwenda kwake. Alikuwa akikuita, anakukalisha, anamwita na mwenzio, anawapa chai, na hatoki mtu mpaka limekwisha. Ngazi ya pili hawakuwa na bibi kama yule, na kule mama zetu walikuwa wakirushiana maji machafu. Jengo ni moja, ramani ni moja. Kwa hiyo musinambie kwamba tatizo letu ni nyumba kubanana, au kwamba tukijenga ukuta baina ya jiko na kisima mambo yatatulia. Nimesikia kuna mchango unakuja wa ukuta huo.

Kuhusu jiko lenyewe nina wazo dogo. Denmark, tangu pale watu walipojenga makaazi ya Sættedammen mwaka 1972, wamekuwa na namna ya kuishi ambapo kila nyumba ina jiko lake kamili, na juu ya hilo kuna nyumba ya pamoja ya kupikia na kulia kwa siku zilizopangwa. Sisi tumefanya kinyume chake bila ya kukusudia. Tulipoishiwa pesa 2016, nyumba nyingi hazikujengewa jiko, tukasema lipo la pamoja. Kwa hiyo mwanamke aliyekosana na mwenziwe hana pa kuchemsha maji ya mtoto bila ya kupita mbele yake. Zile arubuni mulizopokea, mukirudishiana na wenyewe tukaanza upya, mchango wa kwanza uwe wa majiko saba ya nyumbani. Mtu akiwa na pa kujitenga siku mbili, siku ya tatu anarudi mwenyewe.

Najua jibu mutakalonipa, nimeshalisikia: kwamba tukianza kuandika njia za kutoka, watu watatoka. Kwamba umoja hauandikiwi talaka. Ndugu zangu, ndoa yenyewe, ambayo ni ahadi kubwa kuliko yetu, Mwenyezi Mungu ameiwekea talaka na akaieleza kwa urefu, nani akae wapi, apewe nini, kwa muda gani. Hakuna aliyesema kwa hivyo watu wasioe.

Na jibu la pili, kwamba vijiji vya pamoja vimeshindwa nchi nzima ila sisi, kwa hiyo tusitikise mashua. Hilo nalo si kweli lilivyosemwa. Kule Ruvuma, miaka ya sitini, vijana walianzisha Litowa na vijiji vingine vikafuata, wakaunda chama chao mwaka 1963. Walilima pamoja, walikuwa na skuli yao, waliamua mambo yao kwa kukaa na kuzungumza, na waliingia kwa hiari. Kilichowaua si ugomvi wa ndani. Kilivunjwa chama chao na viongozi wa TANU mwaka 1969, na baada ya hapo, miaka ya sabini, zikaja operesheni za kuwahamishia watu vijijini wakitaka wasitake. Nilikuwa nikiwafundisha watoto tofauti ya hayo mawili na naiona hapa kwetu: mwanzo kijiji ni cha wanaokaa ndani yake, halafu kinakuwa cha wanaokiongoza. Ninyi muko kwenye kiti tangu 2015. Hatukuwapigia kura tena hata mara moja. Tuliona haya kuomba, na nyinyi hamukuona haja. Sikutuhumuni wizi, na nimeshasema vitabu nimeviona. Lakini mtu aliyekaa miaka yote hiyo kwenye kiti anaanza kupima viwanja kwa kamba bila ya kugonga mlango wa mtu, na wala hajijui.

Kwa hiyo, kabla ya Ramadhani, itishweni kikao cha wote. Wote maana yake wake na waume, kila mtu mzima sauti yake, na uanachama uandikwe upya kwa majina mawili kila nyumba. Tukubaliane anayeondoka anarudishiwa nini na ndani ya muda gani. Mimi napendekeza thamani ya jengo kama atakavyopima fundi wa nje, na kazi yake ya zamu ihesabiwe, na tukishindwa kumlipa kwa pamoja basi alipwe kidogo kidogo kutoka mfukoni kwa miaka mitatu. Tukubaliane warithi wa marehemu wanapewa nini na nani anabaki ndani. Kamati ichaguliwe upya, miaka miwili miwili, na mimi sigombei. Majina kwenye karatasi ya ardhi yabadilishwe yawe ya jumuiya, tumuombe wakili atwambie vipi. Kwa wale kumi waliotoa arubuni, waambiwe ukweli wote huu, kisha anayetaka kusubiri asubiri.

Na yule mwanamke aliyeondoka na keri aitwe kwenye kikao hicho. Anakaa kwa dada yake Fuoni, chumba kimoja na watoto watatu, anashona nguo za watu. Nilikwenda kumtazama wiki mbili zilizopita. Aliniuliza kama ule mstafeli alioupanda nyuma ya tangi umeshazaa. Umezaa. Nimempelekea matatu.

Daftari lake liko kwangu, nyumba ya tatu kutoka kisimani. Nipo kila siku baada ya Alasiri. Njooni mulisome.

Mwanachama mwenzenu tangu siku ya kwanza,
mwalimu mstaafu

Nakala: Sheha wa shehia yetu